Maksai Aliyefiwa na Mwenzake

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo pale Katesh, nikinunua dawa ya kupe, alipoingia mzee mmoja na binti yake aliyevaa sare ya sekondari.

"Shikamoo, baba," alisalimu dada muuzaji.

"Marahaba. Maksai wangu hali majani. Anasimama peke yake, kichwa chini."

"Kuna kilichompata?"

"Mwenzake wa kulima amekufa. Wamevuta jembe pamoja tangu wakiwa ndama."

Dada akashika shavu kama yuko msibani. "Pole, baba. Huyo ana majonzi. Msimpige wala msimfokee. Mtu akae naye, ampapase shingo, aongee naye."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, macho yamelowa.

"Na mdogo wangu huyu, mbona amekonda hivi?"

"Huyu? Tangu tope lililoporomoka mlimani limchukue rafiki yake wa dawati moja, hali, haongei, darasani analala. Mwalimu amemchapa, mimi nimemfokea, wapi! Kiburi tu. Simu zimewaharibu hawa."

"Ana simu?"

"Hana."

Dada akatoa chupa ya vitamini ya maksai; binti akaipokea kwa mikono miwili. "Baba," alisema polepole, "nitakaa naye mimi."

Watu hulalamika kwamba watoto wetu wa sekondari hawana washauri. Si kweli. Huku kwetu ushauri upo, tena mzuri sana, ilimradi mgonjwa awe na pembe.