Watoto walivyogoma kunawishwa na wazee shuleni kwetu

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea mapema. Haya niliyaona mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Nipo huku Kidete, Kilosa. Nalima, na jioni nafundisha madrasa.

Mvua zilizopita, watoto wa shule ya msingi walianza kuhara na kutapika. Bomba lilikuwa limekatwa na mafuriko ya mto Mkondoa. Afisa afya akaja, akakuta kabla ya uji wote wananawa kwenye beseni moja.

"Mnaambukizana humu humu. Akiugua mwingine, nafunga shule."

Mjukuu wangu Zaituni alikuwa darasa la saba, mtihani umekaribia. Nilikosa raha.

Walimu ni wachache, basi nikajitolea kuwanawisha watoto kwa birika na sabuni, maji yatiririke. Nilikuwa na jirani yangu Masanja, mfugaji na mzee wa kanisa.

Siku ya kwanza tukashindwa!

Mtoto anakuja, "Shikamoo babu," halafu anaficha mikono nyuma. Majumbani tumewafundisha mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa. Leo mzee ammwagie mtoto maji? Wengine wakachepuka kwenda kwenye uji na mikono yao michafu.

Masanja akaniambia, "Ustaadhi, umewafunza adabu mpaka watatufia."

"Na wa kwako je? Si wale wamejificha nyuma ya choo?"

Zaituni akaja, akalichukua birika mkononi mwangu.

"Babu, lete mikono. Nikunawishe wewe kwanza, halafu na mimi unimwagie."

Akaninawisha, nikamnawisha. Foleni nzima ikafuata hivyo hivyo, kila mtoto ananinawisha kwanza! Masanja akacheka, "Leo umekuwa bwana harusi."

Wakuu, nimetia udhu tangu utotoni, lakini vidole vyangu havijawahi kukunjamana namna ile. Maji yakaisha mapema, kesho yake wazazi wakaongeza madumu.

Waliokuwa wanaumwa wakapona, hakuongezeka mwingine. Shule haikufungwa. Zaituni yuko sekondari sasa. Alhamdulillah.

Nilichojifunza: mtoto akikataa jambo la afya kwa sababu ya adabu, usimkemee. Mpe namna ya kulifanya huku heshima yake ikibaki.

Shuleni kwenu mnafanyaje? Andikeni, nitasoma nikirudi. Bomba limeshatengenezwa, lakini darasa la kwanza bado wananisubiri na birika lao.