Aliyegonga Chini ya Jiwe

Walisema sitaweza. Niliporudi kijijini kwetu Qurus na diploma yangu ya maji, niliyoisoma kwa pesa za kubeba zege mjini, jirani mmoja aliishika, akaigeuza nyuma, akauliza, "Hii inachota ndoo ngapi?" Wakacheka mpaka wapita njia. Shangazi yangu, kiongozi wa jumuiya yetu ya sala, hakucheka. "Msomi," alisema, "pale unapotaka kuchimba kisima, babu yako hakupitisha hata ng'ombe."

Pale palikuwa na chemchemi. Ilikauka, na wazee walisema pepo aliyekuwa akiishi ndani yake hakuondoka nayo. Mimi nilipima ardhi, nikaona maji yapo. Sikukosea, nilisema tangu mwanzo.

Nilikosea kwingine. Kwetu majirani hukopeshana siku: leo unalima kwangu, kesho mgongo wangu una deni kwako, na deni hulipwa kabla ya kuomba tena. Mimi kwa haraka zangu nilikopa siku za kaya kumi na moja kwa mpigo, nikaahidi kila mtu maji kabla ya kupanda maharage. Kwa vyovyote ningelima mashamba ya watu msimu mzima, na nisipoyapata, ningelima huku wakinicheka.

Tulichimba mpaka tukafika kwenye jiwe bapa. Aliyekuwa chini akapiga kelele atolewe.

"Kuna mtu anagonga," alisema, vumbi limemganda usoni. "Chini ya jiwe. Mara tatu, kisha ananyamaza."

Nikashuka. Nikasikia mwenyewe: ko, ko, ko.

Asubuhi yake ukungu uliteremka kutoka Ngorongoro, na hakuna aliyekuja.

Siku tano haukuinuka. Nilikaa kibandani kando ya shimo nikisoma riwaya ya kutisha, ambayo mgeni aliiacha kwenye loji moja ya ukingoni mwa kreta nilikowahi kufunga mabomba. Jalada lilishachanika. Ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma bila kamusi. Mjane anasikia mtu akigonga chini ya sakafu yake, na kila anayekuja kumsaidia anakimbia. Mara nyingine nilishindwa kujua kama ni ukurasa uliogonga au ni shimo.

Shangazi akanikuta nayo.

"Kichome hicho. Unamkaribisha."

"Nimebakiza kurasa chache, shangazi."

"Mwisho wake nini, kama si kifo?"

Nilizimaliza. Mwisho wake, mjane anawasha taa, anapiga magoti, na bila kujua nani yuko chini, naye anagonga. Basi. Kwanza nilikasirika. Halafu nikawakumbuka wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu alfajiri na manukato mikononi, wakiulizana njiani nani atawaondolea jiwe. Hawakurudi nyumbani kusubiri jibu. Miaka yote nilidhani tumaini ni kutoogopa. Mjane yule alitetemeka, na bado akagonga.

Nilimweleza shangazi.

"Kitabu cha mashetani kinakufundisha Pasaka?"

"Kimenifundisha."

Akaivua kanga ya begani, akaifunga kiunoni. "Basi nitashika kamba. Ila ukipiga kelele, nasali kwanza ndipo nivute."

Nilishuka kwa vidato nilivyochonga ukutani. Mdomo wa kisima ukawa sahani nyeupe, kisha ukungu ukaufuta. Chini pakagongwa mara tatu. Nikachukua nyundo nikagonga mara tatu. Kimya.

Kisha pakagongwa mara nne.

Sikujibu. Niliweka patasi juu ya jiwe, nikapiga kwa nguvu zote mpaka jiwe likapasuka, na maji ya baridi yakanipanda magotini. Juu, shangazi alikuwa akisali kwa Kiiraqw chetu kama mtu anayegombana.

Wataalamu wenzangu wananiambia ilikuwa hewa. Hewa haihesabu.

Msimu ule nililipa siku zote kwa mgongo wangu mwenyewe. Sikutuma kibarua hata mara moja. Shamba la mwisho lilikuwa la shangazi. Nikiwa kwenye tuta la mwisho alipita jirani yule wa diploma, ndoo mbili mikononi, akitoka kisimani kwangu.

"Ndoo ngapi hizo?" nikamuuliza.

"Lima huko," akanijibu, lakini alicheka.

Shangazi akalipokea jembe. "Umemaliza, mwanangu. Hakuna anayekudai."

Nikapita kisimani kunawa. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Niliokota jiwe, nikainama, nikagonga ukingo mara nne.