Kwenye Mabwawa ya Foshan, Kabla Bonde Letu Halijauzwa

Niliondoka Guangzhou kwa sababu ya ubishi. Ndugu zangu kule Iringa walikuwa wamekubaliana kuuza bonde aliloacha baba, lile la vinyungu, bustani za kinamasi tulizolima mahindi na maharage kiangazi wakati milimani kila kitu kimekauka. Mnunuzi alitaka kulijaza kifusi ajenge maghala. Mdogo wangu Festo, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani, alichimba bwawa la samaki humo, na perege wake wote wakaelea matumbo juu. Tangu hapo kila nikipiga simu naimbiwa wimbo mmoja: dada Neema, kinamasi ni hasara, tuuze tugawane. Nikasema hapana. Wakaniuliza sababu, nikakosa. Wakanipa hadi Krismasi niwe nimeipata.

Mimi ni mnunuzi wa nguo. Nimepanga chumba Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapo Guangzhou, na kwa muda wote niliokaa China sikuwahi kufika mahali ambapo hakuna kinachouzwa. Salim, kijana wa Mombasa mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo huko juu katika jengo la Tianxiu, ndiye aliyenidokeza kwamba nyuma ya viwanda vya Foshan bado kuna vijiji vinavyoishi kwa mabwawa tangu enzi za mababu. Baba wa mmoja wa wapakiaji wake alikuwa huko. Salim anakijua Kichina hasa. Mimi najua kile cha sokoni tu: bei gani, punguza, sitaki.

"Twende Jumapili," nikamwambia.

"Jumapili wewe si waenda kanisani?"

"Mungu yupo Foshan pia."

"Haya dada. Lakini chakula juu yako, na nguruwe mimi sili."

Jumapili asubuhi, mwishoni mwa Novemba, tulipanda treni ya chini ya ardhi pale Xiaobei, tukabadilisha treni, tukatokea Foshan kabla mji haujachangamka. Pale tulipanda basi. Kwa muda mrefu niliona viwanda vya vigae na samani tu, ukuta baada ya ukuta, nikaanza kumtazama Salim kwa jicho baya. Naye akajifanya amelala. Kisha kuta zikaisha, na pande zote mbili za barabara yakatokea maji: mabwawa ya mraba yamepangana hadi macho yanaposhindwa, na katikati yake matuta membamba ya udongo yaliyopandwa miforosadi. Nilishika kiti cha mbele yangu. Bonde la baba, nikajisemea, ila hili halijakatiwa tamaa.

Tuliposhuka kijijini hewa ilinuka maji na majani yaliyolowa. Tulivuka daraja la mawe lililochakaa katikati kwa miguu ya watu, tukapita mbele ya nyumba ya mababu wa ukoo, yenye paa la kijivu lililopinda pembeni na uvumba unaofuka mlangoni. Ndani, wanaume wawili walicheza karata chini ya majina ya marehemu wao bila wasiwasi wowote. Mbele yake palikuwa na kidimbwi cheusi, kitupu, na kijiti chenye kitambaa chekundu kimechomekwa pembezoni. Nikamuuliza Salim kwa nini wanaweka alama penye uchafu. Akauliza wacheza karata, akarudi anacheka.

"Wasema mna mtumbwi humo. Ule mrefu wa mashindano, wenye kichwa cha joka. Wameuzika topeni."

"Umevunjika?"

"Mzima! Wauweka humo mwaka mzima mbao zisioze wala zisipasuke. Sikukuu ikikaribia waufukua, wauosha, waingia kushindana."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwetu tope ni kitu cha kupangusa kwenye viatu kabla ya kuingia nyumbani. Hawa wamelikabidhi fahari ya kijiji kizima.

Nyumbani kwa Mzee Liang, baba wa yule mpakiaji wa Salim, tulipokewa kwa chai. Ni mtu mfupi, mkavu, asiyecheka hovyo. Alisuuza vikombe kwa chai ya kwanza, akaimwaga, ndipo akatumiminia ya kunywa, na Salim akagonga meza kwa vidole kushukuru. Nikaiga. Mke wake, niliyemwita Ayi kama wanavyoita shangazi huku, alinichungulia nywele zangu za kusuka, akauliza kama zinauma. Nikamwambia siku ya kwanza tu. Akaridhika.

Baada ya chai tulitoka kwenda matutani. Siku hiyo walikuwa wamekausha bwawa moja, na ndani yake Ayi na majirani walizoa tope kwa ndoo, wakalipandisha na kulimwaga mashinani mwa miforosadi. Mzee Liang alieleza, Salim akatafsiri. Majani ya miforosadi wanalishwa viwavi wa hariri. Kinyesi cha viwavi kinaliwa na samaki. Uchafu wa samaki unashuka chini, unakuwa tope, na tope linarudi kwenye miti. Siku hizi wengi wameacha viwavi wananunua chakula cha samaki dukani, akasema, lakini yeye ni mbishi. Nikampenda papo hapo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimtaka anifundishe kila kitu mbele ya simu yangu, kuanzia kuchimba hadi kuvua, nikamwonyeshe Festo. Nikafungua kikokotoo, nikamsogezea aandike bei, kama tunavyofanya sokoni kila siku. Mzee Liang alikitazama, akakirudisha.

"Bu mai," akasema. Hauzi.

Kila mnunuzi wa Xiaobei anajua dawa ya jibu hilo. Unabeba mkoba, unageuka, unaondoka polepole bila kutazama nyuma. Hujafika mlangoni utasikia "pengyou, pengyou", rafiki, rafiki, na bei imeshuka. Basi nikabeba mkoba, nikageuka, nikatembea kwenye tuta kwa madaha yote. Nikapita mti wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nilichosikia ni bata. Nikafika mwisho wa tuta na hakuna aliyeniita.

Salim akanikimbilia, anahema kwa kucheka. "Dada, huyu hana duka! Waenda wapi? Mzee yuwauliza umekasirikia nini."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mbele yangu ilikuwa barabara ya basi. Ningeweza kurudi zangu Xiaobei na heshima yangu, na Krismasi lori la kwanza la kifusi lingeingia bondeni kwetu nikiwa nayo hiyo heshima. Nikavua viatu, nikapandisha suruali, nikarudi. Sikusimama kwa Mzee Liang. Nilishuka moja kwa moja bwawani, nikazama hadi magotini, tope la baridi likinivuta, nikaomba ndoo.

Majirani walipiga kelele za furaha. Ayi akanipa mti wa begani wenye ndoo huku na huku.

"Huo kwetu ni mzega," Salim akapaza sauti kutoka tutani, na viatu vyake vyeupe. "Usiyumbe!"

"Shuka na wewe!"

"Mimi ni mkalimani."

Niliyumba, nikaanguka, nikajaa tope hadi kwenye rasta. Nikaamka nikaendelea. Bega liliwaka moto, lakini nilikuwa nimeazimia kutotoka kabla ya Ayi, na Ayi hakuwa na haraka. Mzee Liang alikaa ukingoni akinitazama kwa muda. Mwisho akaanza kunifundisha bila kuulizwa, kuanzia kuchimba hadi kuvua, na Salim akatafsiri kila neno.

Mchana tulikula samaki wa mvuke na tangawizi. Ayi alielekeza kichwa cha samaki upande wangu, na Salim akaniambia hiyo ni heshima ya mgeni mkuu. Nilimwonyesha Mzee Liang picha ya bwawa la Festo. Akaikuza, akaikunjia uso, akauliza tope lake lilizolewa lini. Nikampigia Festo palepale. Iringa ilikuwa bado asubuhi.

"Tope?" Festo akasema. "Dada, nani azoe tope? Tangu nichimbe bwawa sijaligusa."

Mzee Liang hakuhitaji tafsiri. Alisema tope likizidi linakula pumzi ya maji, na samaki wanakufa kwa kukosa hewa. Basi halikuwa kosa la bwawa. Kisha akamimina chai, akaongeza kwamba mwanawe yuko mjini anapakia makasha na harudi, na yeye na mkewe wakichoka mabwawa haya yatakodishwa au yatafukiwa. Bwawa lisilo na mwenyewe ni shimo, akasema. Salim alitafsiri kwa sauti ya chini. Nilijiona mimi ndiye huyo mwana, ninayelipigania bonde kwa simu huku wengine ndio wanaolitazama likioza. Iliniuma, na sikutafuta wa kumlaumu.

Jioni, kwenye treni, watu walinipisha nafasi kubwa kwa harufu. Salim alikaa kiti cha mbali akijifanya hanijui, hadi Xiaobei. Nilichojifunza kilikuwa rahisi kukisema kuliko kukitenda. Kinamasi si hasara, ila hakikubali kusimamiwa kwa mbali. Nguo siku hizi naweza kuagiza kwa simu na Salim akazipakia. Tope halizolewi kwa simu.

Nilipofika chumbani, kabla hata ya kuoga, nilimpigia Festo.

"Sababu mliyoniuliza nimeipata," nikamwambia. "Bwawa lako lilikosa pumzi tu. Msiuze."

"Dada, wewe unasema msiuze, halafu sisi ndio tunabaki na matope."

"Narudi, Festo. Krismasi naja na mizigo yangu yote. Kuzoa tope nitazoa mimi, na wewe ukitaka."



"Umesema mizigo yote?"

"Yote."

"Haya," akasema. "Nitasema na ndugu zetu, kisha nimwambie yule mtu wa maghala asihangaike. Ila uje na gambuti, dada, na mimi uninunulie."