Vigingi Viwili Uani kwa Mama Mkwe

Taabu zangu zilianza mwaka 1949, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mvua ilikatika, mtama ukakaukia shambani, nami nilikuwa nimeoa juzi tu. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe, basi nikamwacha mke wangu Nambilanje kwa mama yake, nikaenda Nachingwea kutafuta kazi.

Nikaajiriwa kazi ya bustani kwa msimamizi mmoja Mzungu. Alitaka tuta la maua la duara lililorefuka. Akapigilia vigingi viwili, akafunga kamba ncha huku na ncha huku, ikalegea. Akaikaza kwa kijiti, akachora kuzunguka. Akaniambia dunia nayo hulizunguka jua hivyo hivyo, ila njia yake imerefuka kidogo sana. Jua haliko katikati, liko kwenye kigingi kimoja. Januari tunalikaribia, Julai tuko mbali nalo. Nimesoma madarasa mawili tu, lakini hilo nililishika mara moja.

Julai nikapewa ruhusa, nikatembea siku tatu. Nilikuta mama mkwe ameshaamua kumwoza binti yake kwa mwingine, maana miezi sita sikuonekana. Nikachuchumaa mbali naye, ndiyo adabu.

"Mume wa kupotea sina haja naye," akasema.

Zawadi sikuwa nayo. Nikaomba kamba, nikapigilia vigingi viwili, nikachora pale uani. "Mama, kigingi hiki ndicho jua. Hata dunia kuna miezi iko mbali nalo. Lakini haijaliacha. Inarudi."

"Ndiyo maana baridi hii?"

Nikaitikia. Hapo nilikosea. Mjukuu wangu ameniambia baridi inatokana na dunia kuinama. Lakini umbali wenyewe ni kweli, sikumdanganya mtu.

Mama mkwe akanyooshea kidole kigingi kingine. "Na kwenye kigingi hiki cha pili, amekaa nani?"

"Hakuna mtu, mama. Kitupu."

"Mji wote ule wa Nachingwea, kitupu?"

Mke wangu, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Mama yake naye midomo ikamcheza.

"Haya mwanangu," akamwambia binti yake, "fuatana naye ukakikague. Ukikuta mtu, rudi."

Kesho yake tukaondoka wote wawili.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne hapa Ruangwa, mikorosho mia mbili, ekari tatu za ufuta, baiskeli mbili na redio. Mke ni yule yule.