Siku Salumu Alipoelea

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu Salumu kumpima mwanawe madini ya risasi kwenye damu. Kwa watoto wa akina sie kipimo hicho ni bahati, na hilo linanikera. Mtoto kachomwa kidole, kalia, majibu mazuri. Nikaikumbuka alasiri moja Mikindani.

Baba alikuwa anayeyusha betri chakavu za gari kwenye sufuria jikoni, anatengeneza risasi za kuzamishia nyavu. Moshi wake ulikuwa unakereketa koo. Salumu, bado mdogo kabisa, alizinyonya zile risasi kama pipi. Siku hiyo manesi wakapita kupima, wakasema damu yake ina risasi nyingi. Mimi nikaelewa kimoja tu: risasi inazamisha nyavu, basi mdogo wangu akiingia majini ndo basi tena.

"Mleteni huyo nanga tuoge," Hamisi wa jirani akatania. Nikamzaba kibao. Halafu nikambeba Salumu baharini mpaka maji ya kiunoni, nikamlaza chali, nikatoa mkono mmoja, kisha wa pili.

"Dada, niachie bwana," akasema, anacheka. Akaelea.

Sasa najua risasi haizamishi mtu, inamharibia ubongo polepole. Ila siku ile nilirudi kifua mbele.

"Mama, mtoto mzima. Anaelea."

Mama alikuwa uani na Baba, wanaifukia ile sufuria.