Barabara ya Uwanja Tuliyoihesabu Maji Mafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ubao, penseli mbili na kiti cha plastiki, nikawekwa kando ya barabara kuu pale Kibiti kuhesabu magari. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Msimamizi wa Hesabu, mtu mfupi asiyependa maswali, alinifundisha kwa dakika tano. Kila gari kijiti kimoja; kijiti cha tano unakilaza juu ya vile vinne, ili jioni ujumlishe kwa matano. "Ukisinzia," akasema, "usibuni. Andika kwamba ulisinzia." Nilisinzia mara mbili katika miaka yangu yote, na mara zote mbili niliandika.

Nilihamishiwa Utete, kisha Nyamisati, mwisho nikarudishwa kwetu Mafia ulipokuja mpango wa uwanja mpya wa ndege.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, huenda hivi. Kabla uwanja haujafunguliwa mnahesabu barabara ilivyo. Hiyo ndiyo hesabu ya msingi. Kisha mnakisia safari ambazo uwanja utazizaa: wageni, mizigo, wasindikizaji. Mnazijumlisha, mnatazama wapi patasongamana na wapi patahitaji matuta au kivuko cha watu. Kila chombo kina uzito wake. Lori huhesabiwa kama magari madogo kadhaa, baiskeli kama kipande cha gari. Mtu wa miguu ana safu yake mwishoni mwa fomu, nyembamba hata vijiti havikai vizuri.

Mkubwa wetu alikuwa Mhandisi wa Mradi, kijana mpole kutoka bara. Alipanga tuhesabu Jumanne hadi Alhamisi, kwa kuwa katikati ya wiki ndizo siku za kawaida kwa mujibu wa mwongozo. Nikaona siku hizo zinaangukia maji mafu.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, bahari yetu hutoka mbali, miamba ikabaki wazi. Wanawake wa kijiji cha Miburani huvuka barabara ile ya uwanjani asubuhi kwenda kuchokoa pweza, wakarudi karibu na adhuhuri na ndoo kichwani. Maji mafu bahari haitoki vya kutosha, nao hubaki mashambani. Nikamwambia.

"Bwana Mhandisi, huku watu wanapita kwa maji."

"Kwa boti?"

"La, kwa miguu. Maji yakitoka."

"Mzee wangu, sisi ni watu wa barabara. Bahari ina wizara yake."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, ili nisionekane mbishi.

Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa mmoja wa wachokoaji. Jioni ya siku ya mwisho ya kuhesabu aliniuliza tumehesabu nini. Nikamjibu, magari.

"Na sisi?"

"Hamkupita."

"Tungepita kwenda wapi, na maji yamekufa? Basi tuandikeni siku tutakayonunua gari."

Nikatia sahihi fomu zangu. Ripoti ikasema kwamba pale kwenye njia ya pwani kivuko hakihitajiki. Barabara ikatiwa lami, na mwendo ukaongezeka.

Uwanja ulipofunguliwa, ndege ilikuwa ikitua na kuondoka kabla ya adhuhuri. Bodaboda na magari ya hoteli yalikimbilia huko kwa pamoja, saa zile zile wanawake wanaporudi. Mwenye ndoo iliyojaa kichwani hageuzi shingo. Hugeuka mwili mzima, na hilo lina muda wake. Mwanahawa aligongwa na gari lililokuwa likimwahisha abiria, akafariki hospitalini kabla ya alasiri. Dereva namfahamu, na simlaumu zaidi ya ninavyojilaumu.

Mhandisi alikuja matangani, akavua viatu, akaketi jamvini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tutahesabu upya. Nimeshaomba ruhusa."

Nikamshukuru kwa dhati. Baada ya siku chache ratiba ikaja: Jumanne hadi Alhamisi. Nikahesabu mwandamo wa mwezi kwa vidole. Maji mafu tena.

Nilikwenda ofisini kwake, na hiyo ndiyo mara pekee niliyompandishia sauti mkubwa wangu.

"Ratiba hii siifanyi."

"Imetoka makao makuu, mzee."

"Makao makuu hawajui mwezi umeandama lini."

"Nikiwaandikia habari za mwezi watanicheka."

"Waache wacheke. Mimi nimeshazika."

Akazungusha kalamu mezani. "Basi lini?"

"Wiki inayofuata, kuanzia Jumatatu. Nawe ukae nami."

Alikaa, na kofia yake ngumu ya kazini. Wanawake walipita asubuhi wakimtazama.

"Mgeni huyu anauza nini?" mmoja akauliza.

"Anatuhesabu."

"Atuhesabu tukirudi, tutakuwa wazito zaidi."

Walipoanza kurudi, vyombo vya uwanjani navyo vikatokea. Mhandisi aliweza kuandika kwa dakika chache tu. Kisha akatupa ubao chini, akasimama katikati ya lami na mikono juu, akizuia bodaboda, mpaka mwanamke wa mwisho akavuka. Fomu ya saa ile niliijaza peke yangu.

Kivuko kikachorwa, matuta yakajengwa. Madereva hunifuata hadi msikitini wakilalamika kwamba yanawavunjia springi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa leo hufunga kamera juu ya nguzo, na mashine ikajumlisha. Sina ugomvi na kamera. Lakini kila nikiwakuta nawauliza kama wamewauliza wakazi wanapita siku zipi, nao hunijibu, "Babu, kamera inaona yote." Nami huudhika, nikaenda zangu.

Watu hunisifu kwa matuta yale, nami huwaomba waache. Chini ya kila fomu kuna mistari mitatu ya maelezo mengineyo. Mara ya pili niliijaza yote mitatu kuhusu bamvua, na hakuna aliyenicheka. Mara ya kwanza nilijua habari hiyo hiyo, na penseli nilikuwa nayo. Niliiacha mitupu.