Nilizima services PC iwe nyepesi, picha ya marehemu ikagoma kutoka

Wakuu, kwema? Nina jambo limenikaa kifuani, leo nalitoa kama lilivyo. Sijatia chumvi.

Nina studio ndogo ya picha hapa Somanda, Bariadi. Desktop yangu ni ya zamani, Windows inawaka kwa kubembelezwa. Jumamosi uzalendo ukanishinda. Nikakuta uzi wa jamaa mmoja anasema kuna services, yaani programu za chinichini, zinakula RAM bure, zizime.

Nikafungua services.msc, nikaanza kufyeka. Hii Disabled, ile Disabled. Nikai-restart, PC ikawa nyepesi kweli. Nikajiona injinia.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa.

Ni kaka mmoja wa Dutwa, tumwite Masanja. Amefiwa na mke. Gari lenye jeneza liko nje, linaelekea Dutwa kuzika. Anataka picha ya marehemu, maana nilipiga picha harusi ya ndugu yao na humo yule dada yumo, anacheka.

"Mdogo wangu, mwili umekaa sana mochwari, wametushauri jeneza lisifunguliwe," akasema. "Mama yake hajamwona siku nyingi. Hiyo picha ndiyo sura atakayomuagia."

Nikaikata sura yake kutoka kwenye picha ya kundi, nikaikuza, nikabonyeza Print.

PC inasema hakuna printer.

Printer hii hapa, taa ya kijani inawaka! Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikaweka driver upya, imegoma. Stationery za jirani? Jumapili hiyo, zote makufuli.

Nje honi. Shemeji yake akachungulia mlangoni: "Katekista anatungoja kule. Tunaondoka na picha au bila picha."

Mnaojua tatizo mshaanza kucheka. Chekeni tu, mwenzenu nilikuwa nabonyeza Print tena na tena.

Masanja hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniangalia tu, akauliza, "Sasa mayu nitamwambia nini?"

Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Nikamwambia nendeni, nitaileta mwenyewe. Gari likaondoka, nikabaki na yule dada anacheka kwenye screen. Niliona aibu, wakuu. Aibu ya kutaka kujificha chini ya meza.

Ndipo nikakumbuka ile fyekafyeka yangu ya jana.

Nikarudi services.msc, nikashuka hadi herufi P. Print Spooler: Disabled. Huyo ndiye anayepokea kila kazi inayokwenda kwenye printer, na nimemzima kwa mkono wangu! Nikaweka Automatic, nikabonyeza Start. Printer ikanguruma. Machozi yalinilenga.

Nikaibeba picha ikiwa mbichi, nikadaka boda hadi Dutwa, roho juu njia nzima.

Nikakuta bado wanaimba, jeneza halijashushwa. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe hovyo, hivyo Masanja akanionyesha kwa macho tu. Mama amekaa chini kwenye mkeka. Nikapiga magoti.

"Pole, mayu. Usiiguse kwanza, wino haujakauka."

Sidhani kama alinisikia. Alipitisha kidole gumba shavuni mwa binti yake, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Wino ukavutika.

"Ni yeye," akasema. Ndipo akalia.

Niliporudi nikausoma upya ule uzi. Jamaa aliandika wazi kabisa: Print Spooler izime KAMA HUNA PRINTER. Mimi nilirukia majina tu.

Kwa hiyo wakuu, service usiyoijua kazi yake iache. Ukilazimika, zima moja, jaribu vifaa vyako vyote, ndiyo uende nyingine. Na usifanye majaribio kwenye PC ambayo watu wanaitegemea.

Nyie mlizima nini kikawaumbua? Shusheni hapa, nisiwe peke yangu.

NYONGEZA: Mnaouliza kama nilimtengenezea mama picha nyingine, ndiyo. Safi, nikaiweka na fremu, nikampelekea bure. Akaitazama, akanirudishia.

"Hii ni nzuri, mwanangu," akaniambia. "Lakini nilimshika kwenye ile."